Njia Niliyokuwa Nikiikwepa: Majilio Yangu ya Mwaka 2023

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba kumwandalia Bwana moyo wakati wa Majilio, yale majuma ya kujiandaa kabla ya Noeli, ni kuongeza sala, kutokosa ibada za shirika letu na kuwapelekea chochote wenye shida. Hayo ni mema, na bado ninayafanya. Lakini Majilio ya mwaka 2023 hapa Goma yalinionyesha kwamba nilikuwa nikipamba nyumba huku mlango nimeukomea.

Lava ya volkeno yetu, Nyiragongo, ilipopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, sisi tukiwa tumekimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, ilifunika kiwanja alichotuachia baba pamoja na alama zote za mipaka. Tuliporudi kujenga juu ya mawe yale meusi, kaka yangu mkubwa aliinua ukuta ambao, kwa kipimo changu, uliingia upande wangu mita mbili. Nilikuwa na kamba niliyoipiga fundo kila mita moja, nami niliitunza miaka yote kama ushahidi. Tukawa watu wa kusalimiana msibani tu.

Majilio ya mwaka ule yalianza tarehe 3 Desemba, na Injili ya Marko ikatuagiza kukesha. Nikajizoeza kuamka saa kumi na moja alfajiri, kabla watu hawajaanza kwenda kuteka maji, nikae kimya mbele ya Mungu. Mara nyingi usingizi ulinishinda. Jumapili ya pili ndiyo iliyonikamata. Lilisomwa somo la Isaya sura ya 40: "Palipopotoka patakuwa pamenyoka, na palipoparuza patasawazishwa." Mtu wa Goma haelezwi maana ya kuparuza, kwa maana mawe yetu hula soli za viatu na magoti ya watoto. Lakini neno lililonichoma ni lile la kupotoka. Lango la kaka liko kwenye njia iliyonyooka kwenda kanisani, nami, ili nisipite mbele yake, nilikuwa nikizunguka nyuma ya nyumba za watu kila Jumapili, nikiwaambia watoto kwamba huko hakuna tope.

Wiki ile nilikwenda kuungama. Nilitaja hasira yangu kwa kaka, padri akanisikiliza, kisha akaniuliza kama ndugu huyo anajua kwamba nina neno naye. Nilinyamaza. Akanikumbusha Mathayo sura ya 5, kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana. Wapo wanaohesabu kitubio kuwa mwisho wa maandalizi. Mimi nilitoka pale nikiwa na safari ya kufanya, na siku kadhaa zilipita kabla sijaithubutu.

Jioni ya tarehe 17, Jumapili ya tatu, ile ya furaha, nilipiga hodi kwa kaka, nikamwita Yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu.

"Yaya, nimekuja kuomba msamaha kwa miaka yote hii niliyokuwekea kinyongo."

Mita mbili sikuzitaja, ingawa zilifika kwenye ncha ya ulimi. Alinitazama muda mrefu, akamwita shemeji alete kiti, ndipo akasema: "Kaa, mdogo wangu. Nilikuwa ninakuona ukizunguka."

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alifundisha kwamba kuja kwa Bwana ni kwa namna tatu: alikuja katika mwili, atakuja katika utukufu siku ya mwisho, na kati ya hizo mbili huja kwa siri rohoni mwa mtu. Huko kuja kwa katikati ndiko nilikokuwa nikikuzuia kwa kamba yenye mafundo.

Tarehe 24 Desemba mwaka ule iliangukia Jumapili ya nne, hata asubuhi tulikuwa bado katika Majilio na jioni tukaingia katika kesha la Noeli. Nilipita langoni kwa kaka mara zote mbili, na mara ya pili tulikwenda pamoja. Ukuta ungali mahali pake, na zipo siku ambapo jicho langu linaupima tena, nami hulipeleka jambo hilo katika sala ya alfajiri. Ile kamba tunaanikia nguo.