Mkaa wa magunzi: maandalizi ya siku ya mazingira shuleni

Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5, inaikuta Tabora pazuri. Mvua zimekatika, mahindi yameshapukuchuliwa, na nyuma ya nyumba kuna marundo ya magunzi na maganda ya karanga yanayosubiri kutiwa kiberiti. Marundo hayo ni mkaa: yakichomwa, yakatwangwa na kukandwa kwa uji wa muhogo, yanafinyangwa kuwa vidonge vya kupikia, na shule inaweza kuwaonyesha wageni kazi hiyo siku hiyo. Miyombo inayokatwa kwa ajili ya mkaa, na kwa kukaushia tumbaku, ndiyo hiyohiyo nyuki wanayoitegemea kwa maua, kwa hiyo gunia la mkaa likipungua sokoni, asali nayo inapona.

Shule nyingi hukosea kwa kutaka kuonyesha kila kitu siku hiyo hiyo. Wageni wanaona tope jeusi mezani, wanapiga makofi, wanaondoka. Anzeni siku kumi kabla, ili siku yenyewe vidonge vikavu viwe jikoni vinapika.

Tafuteni pipa la lita 200 lililo wazi juu. Litoboeni chini matundu kumi hivi ya ukubwa wa kidole gumba, kisha liwekeni juu ya mafiga matatu. Washeni nyasi kavu ndani, tieni magunzi kidogo kidogo moto unavyopanda. Mwanzoni moshi ni mweupe na mzito: huo ni maji na gesi vinavyotoka. Ukishakuwa mwembamba, wa buluu, funikeni pipa kwa bati, ondoeni mafiga, na zibeni pande zote kwa udongo mbichi. Liacheni hadi kesho yake. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wakifunua likiwa bado na joto, hewa inaingia, moto unarudi, na asubuhi wanakuta majivu. Wakifunika mapema mno, magunzi yanabaki ya kahawia katikati, na mkaa wake utawatoa watu machozi jikoni. Vunjeni gunzi moja mtazame. Linatakiwa liwe jeusi mpaka kwenye kiini. Kilo 20 za magunzi makavu hutoa kilo 4 au 5 za mkaa, wakati mwingine pungufu.

Twangeni kwenye kinu, mchekeche. Mtwangaji afunge kitambaa puani, maana vumbi lile huingia kifuani. Chenga za mkaa wa kawaida kutoka kwa wauzaji zinafaa kuchanganywa, ila zichekecheni vizuri kwani huwa na mchanga, na mchanga hauwaki.

Gundi ndiyo roho ya kazi. Kwa kilo 10 za unga wa mkaa, chukueni unga wa muhogo kati ya gramu 700 na kilo moja. Ukorogeni kwanza kwa lita moja ya maji baridi, kisha mimineni kwenye lita nne za maji yanayochemka huku mkikoroga, hadi uji upoteze weupe na kuvuta kama kamasi. Unga ukitiwa mkavu kwenye maji ya moto hufanya madonge, na kila donge ni gundi iliyopotea. Uji ukandwe na mkaa ungali vuguvugu. Finya konzi moja: ikishika umbo bila kuchuruzisha maji, inatosha. Wengine huongeza udongo wa mfinyanzi ili kubana matumizi ya muhogo. Sisi hatushauri zaidi ya kiganja kimoja kwa ndoo, kwa sababu kila udongo unaoongeza unarudi kama majivu yanayoziba jiko.

Finyangeni vidonge vya ukubwa wa yai, au shindilieni kwenye kipande cha bomba. Siku ya kwanza vikae kivulini, kisha vianikwe juani siku tatu hadi tano mkivigeuza. Vikianikwa juani moja kwa moja, ganda hukauka kabla ya kiini na vinapasuka. Kipimo: angusha kimoja kutoka usawa wa kiuno. Kikigawanyika vipande viwili tu, hakuna neno. Kikisambaratika, uji ulikuwa mwepesi au mkaa haukutwangwa vya kutosha.

Kwenye maonyesho, wekeni majiko mawili na sufuria mbili za maharage, moja kwa mkaa wa miti, jingine kwa vidonge, na mwanafunzi mwenye saa na daftari. Vidonge huchelewa kushika, hivyo viwasheni dakika 20 kabla ya wageni kufika. Mzazi anayeondoka na sampuli aambiwe pia kwamba jiko hili, kama lile la mkaa wa miti, halilazwi ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu.