Mpwa wangu na ile programu ya kijani

Mi nina kastesheneri kangu hapa Kirumba, Mwanza, sio mbali na soko la samaki la Mwaloni, kazi zenyewe ndo hizi za kila siku, kutoa kopi, kuprinti, kuchapa barua, kujazia watu fomu za mtandaoni. Nina kompyuta mbili. Moja ya kazi, hiyo haiguswi na mtu, nyingine ni mzee, RAM giga 4, Windows 10, feni yake ikianza kulia unaweza kudhani kuna mtumbwi unawasha injini huko nyuma. Hiyo ya pili ndo nimemkabidhi mpwa wangu ajifunzie.

Yuko darasa la nne. Mama yake, dada yangu mkubwa, anauza dagaa Mwaloni, na anayejua mambo ya ziwa anajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwa nene ndo wanaifuata, ila mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga taa inakuwa haina maana, wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu hamna dagaa wa kuanika, hamna wa kugeuza, mtoto akitoka shule anakuja kwangu. Ratiba ya masomo yetu inapangwa na mwezi, sio kalenda.

Siku ya kwanza kaja, "shikamoo mjomba", marahaba, nikamwonyesha kiti. Akakaa, akanyoosha kidole akagusa kioo. Akagusa tena. Akageuka kwa huruma kabisa, "Mjomba, tachi imekufa."

Sasa bwana huyu ni mtoto anayefungua simu ya mama yake kuliko mama mwenyewe, nilidhani itakuwa kazi rahisi, kumbe simu ndo imemfundisha vibaya. Kwenye simu unagusa mara moja kitu kinafunguka. Huku unatakiwa ubofye mara mbili harakaharaka na mkono usitikisike, yeye anabofya, anavuta pumzi, anabofya tena, na Windows ukibofya polepole hivyo inadhani unataka kubadilisha jina, basi shotikati ya Word ikaitwa "ggghh" kwa siku nzima. Nikaingia Control Panel sehemu ya mausi nikapunguza ile spidi ya kubofya mara mbili, ikasaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi ni kumwambia bofya mara moja tu, ikishawekewa rangi piga Enta. Sijui kwa nini watu hawafundishi hivi, hata wazee wanaokuja hapa wakitetemeka mikono ningewafundisha hivyohivyo.

Ili mkono uzoee nikampa Solitaire. Mchezo ule umeanza kuwekwa kwenye Windows tangu 3.0 ya mwaka 1990, na ukiucheza utaona hamna mwalimu wa mausi kama yeye, unabofya, unashika karata, unaiburuta, unaiachia mahali pake, bila kujua kama unasoma. Dada kapita siku hiyo kuniletea chakula, kachungulia, karata kioo kizima. "Wewe, nimekuletea mtoto umfundishe kompyuta unamfundisha kamari?" Ilibidi nieleze mpaka wali ukapoa.

Kasheshe kubwa ilikuwa kusubiri. Hiyo mashine ukiiambia fungua Word inafikiria kwanza, kaduara kanazunguka weee. Mtoto hana subira, akaona haijasikia, akapiga Enta tena, na tena. Nilikuwa namhudumia mteja, nageuka nakuta kompyuta imeganda, feni inalia, halafu Word zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, nilihesabu kumi na moja. Hapo ndo nikamwambia, sikiliza, programu inakaa kwenye diski, hiyo ni stoo. Ukiifungua inatolewa stoo inawekwa mezani, na meza ndo RAM. Meza yetu ndogo. We umeita vitu kumi na moja kwa mpigo, mama yako akimwagiwa magunia kumi na moja kwenye meza moja inakuwaje? Akasema, "Anatukana." Haya, na kompyuta ndo inatukana hivyo, kwa kuganda.

Hilo la meza likafungua na lingine. Alikuwa akitaka kufunga anabofya kale kadashi juu kulia, dirisha linapotea, anajua kafunga. Hajafunga, kaficha. Kitu bado kiko mezani kinakula nafasi, angalia mstari wa chini wa kioo, ikoni ikiwa na kamstari chini yake ujue iko wazi, bofya hapo irudi, usifungue nyingine mpya. Ukitaka kuondoa kabisa ni X. Hii tulirudia siku tatu nzima, dashi kuficha, X kufunga, mpaka akawa anaimba.

Nikaridhika. Kumbe bado. Kuna siku nilipanga upya ikoni zile za desktopu, mtoto kaja kakaa kaduwaa. "Mjomba, umefuta Excel." Sijafuta, ipo. "Ilikuwa ya tatu kutoka juu, ya kijani." Yani alichokuwa anajua ni mahali na rangi, basi. Siwezi kumlaumu maana mimi nilifundishwa hivyohivyo kwenye kozi moja mjini, mwalimu anasema bofya pale, halafu pale, nasi tunaandika kwenye daftari "bofya pale". Nilivyokuja kukutana na kompyuta nyingine nilikuwa kama mgeni.

Basi nikamwambia tusahau rangi. Kabla hujashika mausi niambie unataka kufanya nini. Kuandika barua? Kuchora? Hesabu? Ukishajua, bonyeza kile kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi, andika herufi za mwanzo za jina, ikitokea piga Enta, hata ikoni zikihama hazikuhusu. Akaandika kwa kujiamini kabisa: eksel. Hamna kitu. Akajaribu ekseli. Na Word akaandika wodi. Nilicheka ila nikawaza, mtoto hajakosea, kaandika anavyosikia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice, programu za ofisi kama hizi za Word na Excel, kwa Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice, na Windows yenyewe unaweza kuiwekea Kiswahili, lakini kila kompyuta ninayoletewa hapa ni Kiingereza tupu. Nikamwandikia majina matano kwenye karatasi nikabandika pembeni ya kioo.

Wiki ya mwisho kabla giza halijarudi kaja na daftari la mama yake la mauzo. Mwenyewe kasema, "Nataka hesabu, kwa hiyo Excel." Kabonyeza kitufe, e, x, c, Enta, kaweka mikono mapajani kasubiri kaduara kaishe. Tukatengeneza safu: jina, sado ngapi, bei, jumla, amelipa, bado. Mwanzo aliandika 3 x 5000, ikabaki maandishi tu, nikamwonyesha inaanza na alama ya sawasawa na kuzidisha ni kinyota, =B2*C2, unaburuta mpaka chini inajaza yenyewe. Hapo mkono wa Solitaire ukaonekana. Nikamkumbusha kuhifadhi kazi kwa Ctrl na S kila baada ya mistari kadhaa maana umeme wetu hauagi.

Akawa anaingiza majina, mimi naprinti vitu vya mteja. Mama nani, sado mbili, amelipa. Baba nani, nusu. Halafu akanyamaza.

"Mjomba, hapa umeandikwa wewe. Sado mbili. Amelipa, sifuri."

Mteja akageuka kuniangalia. Nikamwambia haya leo inatosha, funga hiyo programu.

Akabofya kadashi.