Siku ya tatu nikaruhusiwa

Nilipasuliwa mgongo Dar es Salaam, kwa diski ya kiunoni, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, iliyokuwa ikibana mshipa wa fahamu wa mguu wa kushoto. Siku ya tatu nikapewa ruhusa na dawa za maumivu. Kuinuka mapema ni tiba, hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Hilo silipingi.

Lakini mimi ni wa Ujiji, na hakuna aliyeuliza ninarudi wapi. Nililala kwenye behewa zaidi ya kilomita 1,200, kila mtikisiko nikiusikia kiunoni. Na choo chetu ni cha kuchuchumaa! Nilikuwa nimeambiwa nisiiname, nisijipinde, nisibebe kizito, basi. Usiku wa kwanza nilishika ukuta wa choo nikalia. Asubuhi shemeji akachukua kiti cha mbao, akakitoboa katikati, akakiweka juu ya tundu. Kiti kile kilinifaa kuliko vidonge vyote.

Wifi naye, kwa mapenzi yake, alinigeuza kwa kuvuta mabega huku nyonga zikibaki nyuma. Kumbe mwili hugeuzwa wote kwa pamoja, kama gogo. Muuguzi angetuonyesha kwa dakika tano tu.

Wala sikutajiwa dalili za kunirudisha hospitali mbio: homa, usaha, ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe. Nilikuja kutajiwa mwezi wa pili baada ya upasuaji, kliniki ya huku Kigoma.

Jana nimetembea hadi ufukweni, nikanunua samaki, migebuka. Kapu kabeba mwanangu.