Kijikaratasi juu ya embe bovu

Desemba 2012 maabara yetu pale Morogoro ilinuka embe tangu mlangoni. Yalikuwa maembe dodo. Nilipoyanunua sokoni hayakuwa hata na doa, siku nne baadaye yamejaa mabaka meusi yaliyobonyea. Ugonjwa wa chule ndivyo ulivyo. Kuvu wake huingia embe likiwa bado bichi mtini, akajibanza chini ya ganda mpaka liive.

Kazi yangu ilikuwa kupima kimeng'enya anachokitoa, pekteti liasi. Hicho hukatakata pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za tunda, na kila mkato huacha kitu kinachofyonza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 235. Unakaa mbele ya mashine, unatazama namba ikipanda.

Yangu haikupanda. Wiki tatu! Nilisaga nyama iliyooza kwenye maji baridi, nikaizungusha kwenye sentrifuji, nikachanganya maji yake na pektini ndani ya bafa ya sitreti, yaani maji yanayozuia uchachu usibadilike, yenye pH 5, chachu kiasi. Namba ikagoma kama punda. Hiyo pH 5 niliichagua mwenyewe: embe lina uchachu, basi na kimeng'enya kitaupenda uchachu. Nilijiona nina akili kweli.

Fundi wetu wa maabara, ambaye sote tulimwita Mama, alinitazama nikiosha vioo kwa hasira.

"Mwanangu, hapo palipooza umepapima?"

"Embe ni chachu, Mama."

"Nimekuuliza umepapima?"

Akanipa vijikaratasi vya kupimia pH. Kwenye nyama safi, kimoja kikawa rangi ya chungwa. Sentimita mbili tu kando, ndani ya baka, cha pili kikageuka kijani. Nikarudia mara tatu, sikuamini macho yangu. Kuvu yule hutoa amonia, anauondoa uchachu kwanza, ndipo kimeng'enya chake kinapofanya kazi vizuri.

Na kosa halikuwa moja. Pekteti liasi haifanyi kazi bila kalsiamu, nami nilikuwa naitumbukiza kwenye sitreti, ambayo huinyakua kalsiamu yote. Jioni ile nilitengeneza bafa nyingine, ya Trisi, pH 8.5, isiyo na uchachu, nikaongeza kloridi ya kalsiamu kidogo.

0.11. 0.14. 0.19.

Nikapiga kelele kumwita Mama. Alikuwa nje barazani na kisu, anakula dodo langu moja, ule upande usio na baka.