Usile Usichokijua Jina

Mama yangu ana sharti moja kwa kila anayeaga safari: usile usichokijua jina. Alianza kunipa sharti hilo nikiwa mdogo, nikipelekwa likizo kwa wajomba Pangani, na Novemba iliyopita akanirudia nalo kwenye simu nilipomwambia naenda Bukoba.

"Huko nasikia wanakula panzi."

"Si panzi, mama. Senene."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Jina umeshalijua. Mungu akufikishe."

Mwenyeji wangu alikuwa rafiki wa ofisini, Mhaya wa Kamachumu, wilaya ya Muleba. Kila mwaka mvua za mwisho wa mwaka zikishika kwao, anaomba ruhusa anatoweka, na anaporudi mezani kwake kuna bakuli lenye mfuniko ambalo wengine tunalikwepa. Mwaka huo akaniambia twende wote. Nilitaka tupande ndege. Akakataa kabisa: ukienda kwa ndege, alisema, utafika na njaa ya Dar es Salaam.

Basi tukaondoka kwa treni ya SGR mpaka Dodoma, safari nyepesi isiyo na mengi ya kusimulia, maana treni ile haikai kituoni muda wa kutosha mtu akununulie hata karanga. Reli ya zamani ilikuwa ya pole, lakini ilikulisha. Kutoka Dodoma tulipanda basi la Mwanza, na kituo cha kwanza cha chakula kilikuwa mgahawa mmoja wa njiani ambao sitautaja. Kondakta alitangaza dakika kumi. Nikapewa chipsi zilizokaangwa, nadhani, tangu asubuhi, na soda ya moto, kwa bei ambayo mjini ningekula biriani. Rafiki yangu hata hakushuka. Alikuwa amefumba macho, ananisubiri nirudi nikilalamika.

Singida ndipo aliposhuka. Alirudi na kuku wa kienyeji aliyechomwa, mgumu kweli wa kung'ata, amefungwa kwenye gazeti pamoja na chumvi na pilipili. Kuku wa Singida ametembea, nyama yake haikubali kuachana na mfupa bila ugomvi. Tulimla taratibu mpaka giza likaingia, tukitupa mifupa kwenye mfuko mmoja, na mama wa kiti cha mbele akageuka mara mbili bila kusema neno. Mara ya tatu tukampa paja.

Mwanza tulikuwa na siku nzima ya kusubiri meli ya usiku. Asubuhi tulizunguka soko la Mwaloni, Kirumba, ambako dagaa wa Ziwa Victoria wamerundikwa magunia kwa magunia na harufu yake inakaa kwenye shati mpaka ulifue. Pale nilinunua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa mpaka vikawa vikavu kama vibao. Muuzaji akanionyesha na matobolwa, ambayo ni viazi vilevile, ila huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, na hayo unaweza kuyatafuna hivyohivyo ukiwa unatembea. Nikayatafuna. Ni matamu, yanang'ang'ania meno.

Mchana tukakaa kando ya ziwa tukaagiza sato wa kuchoma. Kuna watu wanaosifia sangara, mimi simo. Sangara ni mgeni ziwani, alipandikizwa miaka ya 1950 akawala furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, mpaka aina zao nyingi zikapotea, na minofu yake mingi huishia viwandani na kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Waende naye. Sato ana nyama nyeupe isiyo na mafuta ya kukinaisha, na huyu aliletwa na ugali wa rangi ya kahawia, unaonata, wenye harufu ya uchachu kwa mbali.

"Hii ni bada," nikamwambia dada aliyetuhudumia.

"Ni udaga, kaka."

"Kwetu Tanga inaitwa bada. Unga wa muhogo."

"Huku ni udaga," akasema, akaenda zake.

Nilionja tena. Ni muhogo, hakuna ubishi, lakini wao huuvundika kabla ya kuukausha na ndiyo maana una ukali ule. Binamu wa bada, basi. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jina la ukoo wake kwenye kibao cha duka la ugenini.

Meli ilikuwa MV Victoria, ile iliyosimama miaka kadhaa ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi ziwani mwaka 2020. Iling'oa nanga usiku. Taa za Mwanza zilipoanza kufifia, baadhi ya wazee walinyamaza ghafla, na mmoja akavua kofia. Sikuuliza. Maji hayo ndiyo yaliyoimeza MV Bukoba asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu. Baadaye yule mzee akavaa kofia yake, akafungua kapu, akatoa chupa ya chai na maandazi, akatugawia bila kuuliza sisi ni akina nani.

Kulikucha tukiwa karibu na Kemondo, na muda si mrefu kikaonekana kisiwa cha Musira, kimekaa mbele ya mji wa Bukoba kama mlinzi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njia nzima kutoka bandarini tulikuta watoto na watu wazima wameinama chini ya nguzo za taa, kila mmoja na chupa au mfuko wake, wanaokota. Senene walikuwa wameshuka. Nje kidogo ya mji kuna wanaofanya kazi hiyo kibiashara: wanasimamisha mabati yaliyoinama juu ya mapipa, wanawasha taa kali za umeme, senene wanaifuata taa, wanagonga bati, wanateleza hadi ndani ya pipa. Rafiki yangu alitembea anacheka peke yake. Sijawahi kumwona hivyo ofisini.

Kamachumu iko juu, hewa yake ya baridi kidogo, na nyumba zimezama ndani ya vibanja. Kibanja si shamba lililo mbali na nyumba. Nyumba iko katikati ya migomba, migomba imechanganyika na mibuni, na kuku wanapita humo humo. Kabla hatujafika mlangoni nilishasikia "Karibuni, waitu!" na sebuleni nilikuta sakafu imetandazwa nyasi mbichi zinazonukia mvua. Nikavua viatu bila kuambiwa.

Nilimwamkia bibi yake rafiki yangu, akaitikia "Marahaba, mjukuu wangu" kana kwamba ananifahamu tangu kuzaliwa, kisha akaleta kijikapu kidogo chenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na vitu vikavu vya rangi nyeusi inayoelekea kahawia, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko punje ya hindi. Nikachukua kimoja nikakitia mdomoni. Nikajaribu kukimeza.

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tafuna! Hiyo ni kahawa."

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga mjini, ambako muuza kahawa unamsikia kabla hujamwona, akigonganisha vikombe barabarani, dele lake juu ya mkaa. Nimekunywa kahawa chungu na kashata barazani tangu wazee waliponiona nimekua wa kukaa nao. Maisha yangu yote sikujua kwamba kahawa hutafunwa. Hii huchumwa kabla haijaiva sana, inachemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha inaanikwa juani na ganda lake. Ukiipasua kwa meno, kwanza unapata uchungu wa ganda, halafu kitu kama majani ya dawa, halafu ile kahawa yenyewe, ukali uliotulia unaokaa pembeni mwa ulimi robo saa nzima. Wanaiita akamwani. Wazungu hawajafika, Wahaya walikuwa wakiitafuna, na zamani watu wawili waliochanjiana udugu walifunga agano lao kwa punje za kahawa zilizoguswa damu. Bibi alinieleza hayo akiwa anatafuna yake, taratibu. Hakuna mgeni anayekaribishwa bila kijikapu kile, alisema. Chai inaweza kukosekana.

Siku ya pili nikaomba kufundishwa kumenya ndizi. Hapo ndipo niliposhushwa cheo. Kwanza unapakwa mafuta ya kupikia viganjani, maana utomvu wa ndizi mbichi ukikukaukia unakaa siku tatu mweusi kama lami. Kisha unashika kisu kidogo, unachana ganda toka kichwani, na ncha inapita kati ya ganda na nyama bila kuinyofoa nyama. Bibi alikuwa anamenya huku anaangalia mlangoni, anaongea na jirani, na ndizi zinadondoka kwenye beseni zikiwa laini kama zimepigwa msasa. Zangu zilikuwa na pembe. Aliokota maganda yangu, akayageuza, akaona nyama niliyoiachia humo, akamwambia mkwewe, "Huyu anawapikia mbuzi."

Maharage yalikuwa yameshaiva nusu. Ndizi zikapangwa juu yake, chumvi, kitunguu, mafuta kidogo, kisha majani ya mgomba yakafunika sufuria mpaka pembeni, yakakandamizwa. Hakuna kufunua funua. Ilipoepuliwa na majani kutolewa, mvuke ulikuja na harufu ambayo sijui niifananishe na nini, ya kitu kibichi kilichopikwa. Ndizi zilikuwa za manjano, laini, zimeuchukua mchuzi wa maharage. Nilikula sahani mbili na ya tatu nikaombwa radhi kwamba imebaki kidogo. Dar huwa napika ndizi kwa nazi, na sitaacha, lakini tangu siku ile najua kwamba nazi yangu huificha ndizi.

Mchana huo nilipelekwa kuona lubisi ikitengenezwa kwa jirani. Ndizi zilizoivishwa zilikuwa zimemwagwa kwenye kihori cha mti kirefu kama mtumbwi, na vijana wawili wanazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi, polepole, mpaka maji yakaanza kutoka. Baadaye huongezwa maji na mtama uliokaangwa na kusagwa, huachwa ichachuke, na ikichachuka huwa ni pombe. Mimi situmii, nao hawakunibembeleza. Walinikingia kibuyu kidogo cha juisi ileile kabla ya kutiwa mtama. Tamu kupita kiasi, nzito, na ina moshi ndani yake kwa sababu ndizi ziliivishwa kwa moto. Nikamaliza.

Usiku ndiyo wakaja wenyewe, senene, bakuli la familia nzima kukaa kulizunguka. Kuwanyonyoa ni kazi ya subira: mabawa, miguu, basi, wa kijani na wa kahawia pamoja. Wakioshwa wanaenda kwenye kikaango bila mafuta, kwa kuwa wana yao ya kutosha. Yanatoka, yanachemka, wanajikaanga wenyewe. Chumvi na kitunguu mwishoni. Bibi alikuwa wa kwanza kuonja.

"Enzi zetu mwanamke hakuwala," akaniambia. "Tulikuwa tunawakamata, tunawanyonyoa, tunawakaanga, halafu tunakaa tunaangalia mdomo wa mume."

Akachota kiganja kizima.

Nilijiambia ni kamba wadogo, wale wa kwetu wa kukaanga. Wa kwanza nilimtafuna macho yamefumbwa. Ganda linavunjika, ndani kuna mafuta na ladha kama ya karanga mbichi na kuku kwa mbali. Wa pili sikufumba macho. Nilipofika wa ishirini rafiki yangu alisogeza bakuli upande wake.

Nilirudi kwa basi, safari ndefu ya zaidi ya kilomita 1,400 mpaka Dar, na wiki iliyofuata nikaenda Tanga na mzigo wa mama: mfuko wa senene waliokaushwa na mwingine wa akamwani. Niliuweka mezani. Mama alifungua, akatazama, akafunga.

Mjomba, ambaye ndiye mwenye elimu ya dini nyumbani, alisema nzige ni halali, hata asipochinjwa, na hawa ni jamaa zake.

"Halali ni halali," mama akajibu, "sikusikia kwamba ni faradhi."

Mjomba akaenda nao barazani jioni ile. Nilimkuta na wenzake wanne, vikombe vya kahawa mkononi, kashata haijaguswa, na mfuko umebaki senene wachache na mabawa yaliyokuwa yameponyoka. Nilionja waliobaki chini. Hawakuwa wale wa Kamachumu. Wamepoa, wamekuwa wagumu, na chumvi imewazidi. Sikumwambia mjomba.

Mama alikuwa ameibakiza ile akamwani. Akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Inaitwaje?"

"Akamwani."

"Hii ni buni." Akaitia mdomoni, akatafuna muda mrefu, uso haubadiliki. Akatema ganda kiganjani. Akachukua nyingine.

Asubuhi yake nilimkuta jikoni anasonga bada. Nikamsimulia habari za yule dada wa Mwanza, kwamba wao wana ya kwao na wanaiita udaga. Bila kugeuka akasema waite wapendavyo, mimi nishike kapu niwahi sokoni, papa akiisha tutakula bada na nini.