Tapeti zilipotulia

Juzi tulifungua sanduku la Mama kutafuta leso za harusini. Harufu ya zile tembe nyeupe za kufukuza nondo iliponipanda puani nikasema bila kufikiri, "Eh, harufu ya gari." Mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, gari gani linanuka naftalini?"

Letu. Lile Morris Minor la Baba, nimeshalitaja humu mara ngapi sijui. La mwaka 1966, injini ya cc 1098, rangi ya maziwa yaliyochacha. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kuuvuta na kuuomba.

Mwisho wa 2005 redio ilianza kutangaza kwamba kuanzia Januari petroli yote itakuwa haina risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimekubaliana hivyo huko Dakar mwaka 2001, lakini kwetu habari ilifika kama msiba wa ghafla. Nyanya, kule Malindi, alishika kifua: "Kumbe miaka yote mwatembea na risasi garini?" Baba akamweleza kuwa ni madini tu, yanatiwa kwenye petroli ili injini isigonge na valvu, vile vizibo vya kuingizia na kutolea hewa, zisiliwe. Nyanya hakuridhika. Risasi ni risasi.

Baba alijaza petroli ya risasi kwenye mitungi minne ya lita ishirini na kuipanga nyuma ya jiko, Mama akanuna wiki nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nanyonya mpira kuihamishia garini, na mara mbili nilimeza. Naliandika hili sasa nikijua risasi hufanya nini kwenye akili ya mtoto. Mwaka 2021, Algeria ilipomaliza akiba yake na Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba petroli hiyo imekwisha kuuzwa kwa magari duniani kote, nilimsomea Mama habari nzima. Akasema, "Ndiyo maana hesabu zilikushinda." Kwa hiyo siwezi kusema ulikuwa ni msiba. Ila Baba aliuomboleza, na mimi nilikuwa upande wake.

Mitungi ikaisha kabla ya Machi. Hapo ndipo alipoanza kutafuta dawa. Duka moja la spea pale mjini liliuza chupa ndogo ya kumimina tangini, badala ya risasi. Alivaa miwani, akasoma maandishi yote mpaka yale madogo ya chini, akauliza bei, akairudisha chupa rafuni kwa adabu kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Kuna aliyemwambia atie mafuta ya pikipiki kidogo. Kuna aliyemwambia atie mafuta ya taa, huyo Baba alimwita muuaji. Mwishowe jamaa mmoja waliyefanya naye kazi bandarini akamnong'oneza: naftalini. Tembe tano kwa tangi zima, ambalo lilikuwa halifiki hata lita 30. Zinayeyuka zenyewe, petroli inapata nguvu.

Naftalini tulikuwa nayo. Kila sanduku la mwanamke Mombasa lina naftalini.

Nikisema ilifanya kazi msinicheke. Wiki za kwanza hatukuona tofauti, lakini kadiri miezi ilivyokwenda injini ilizidi kuwa na adabu. Wenye magari ya zamani wanaujua ule mlio wa tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, tiki-tiki-tiki, kama cherehani chumba cha pili. Wa kwetu ulianza kufifia. Kila Ijumaa tulikwenda Malindi kumwona Nyanya, kilomita kama 120, Baba akikanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sababu alipenda kufika kabla ya swala. Safari baada ya safari cherehani ikawa inashonea mbali zaidi. Ilipofika 2008 ilikuwa imenyamaza kabisa. Baba alikuwa akifika nyumbani anaacha injini iungurume tu, anafungua boneti, anawaita majirani. "Sikilizeni." Watu wanainamisha masikio. "Hamsikii kitu, siyo? Naftalini hiyo."

Zamani alikuwa na kawaida ya kupima tapeti kila baada ya mwezi, kwa kile kigeji chake cha vyuma vyembamba kilichofungwa kwenye kitambaa cha flana. Aliacha. Ya nini kupima kitu kisichopiga kelele?

Halafu asubuhi moja gari likagoma kuwaka. Lilipowaka lilitetemeka kama lenye homa, na mlima mdogo tu wa kutokea kwetu likaukataa. Tulilisukuma mpaka kwa fundi.

Hiyo siku ndiyo ninayoikumbuka. Gereji ilikuwa chini ya mkungu, na majani mekundu yalikuwa yanaangukia kwenye vyuma. Fundi alifungua hedi, kile kipande cha juu cha injini chenye valvu, akaipindua juu ya gunia, akaacha plagi mahali pake, akamimina mafuta ya taa kwenye vile vyumba vinne vya moto. Hakusema neno, akawasha sigara akaenda kuivutia mbali. Tukasubiri. Baba alikuwa amesimama na mikono nyuma, kama yuko kwenye foleni ya benki. Chumba cha kwanza mafuta yakakaa. Cha pili yakaanza kushuka polepole, kama maji ya karo isiyozibika sawasawa. Cha tatu yalikwisha yote, yakatokea kwenye tundu la ekzosi, yakaloanisha gunia.

Fundi aliporudi alitoa valvu, akanishika kidole. "Binti, pitisha hapa." Siti ya valvu ya kuingizia, pale valvu inapokalia, ilikuwa laini, imekaa sawa na chuma chake. "Sasa hapa." Kidole kikatumbukia. Siti ya ekzosi ilikuwa imeliwa, valvu imezama ndani kama jicho la mtu aliyeugua muda mrefu.

Akamweleza Baba taratibu, bila kumvunjia heshima. Injini hii siti zake zimechongwa kwenye chuma chenyewe cha hedi, hazina ringi ngumu. Risasi ilikuwa inaacha utando mwembamba pale valvu inapotua. Ukiondoka utando, chuma cha moto kinakutana na chuma cha moto, vinashikana kidogo kidogo na kuchunana. Ukikimbiza gari, ndiyo vinachunana zaidi. Valvu ikizama, mguu wake unapanda juu, na ile nafasi ya inchi 0.012 kati yake na roka, mkono unaoisukuma, inapungua mpaka inakwisha.

"Na hiyo nafasi, Mzee, ndiyo inayopiga kelele."

Baba alinyamaza. Majani mawili au matatu yakaanguka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama anamuulizia mgonjwa, "Na naftalini?"

"Naftalini ipi?"

Nilitazama chini. Baba akasema. Fundi akainama kwenye bakuli la kabureta, akanusa, akafumba macho. "Mzee wangu. Hili ni gari au ni sanduku la leso?" Akacheka, halafu akaona uso wa Baba, akaacha. Akasema naftalini inasaidia petroli isijilipukie kabla ya wakati, hilo si uongo, ila injini hii ya kizee haikuwa na shida hiyo. Siti inazijua vipi tembe?

Yaliyobaki ni mafupi. Hedi ilipelekwa karakana ya mashine, zikatiwa ringi nne za chuma kigumu upande wa ekzosi, na tangu hapo tulitia petroli yoyote iliyopatikana. Ile chupa ya dukani ingegharimu sehemu ndogo tu ya zile ringi, jambo ambalo Mama hakulisema hata mara moja, na kila mtu alilisikia. Tiki-tiki ikarudi. Baba hakuipenda. Nilimwona mara kadhaa akifungua kifuniko cha tangi, akiangalia kushoto na kulia, akidondosha tembe moja. Sikumuuliza. Labda nilipaswa.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya leso, tulikuta suti yake ya sufu, ile aliyoolea. Nikaikunjua. Nondo walikuwa wameila kwenye kwapa na kola, na kubwa kuliko yote, karibu na mfuko wa kifuani, palikuwa na tundu ambalo kidole changu kilipita mpaka upande wa pili.

"Sasa gari lilipona?" mwanangu akauliza.

Nikamwambia gari lilipona.