Muosha Huoshwa

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wiki hii limenikaa rohoni jambo la vijana wetu wanaobaki barazani, simu mkononi, huku maiti ya mzazi wao inaoshwa na watu baki.

Makaburi ya fahari pwani yetu haijayakosa. Kaole, Kunduchi, Malindi, Mambrui, na Gede ambako kaburi moja limeandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wengine wakasimamisha nguzo na kupachika bakuli za kaure kutoka Uchina. Leo pengi yamebaki matundu, vyombo vimebanduliwa. Siwalaumu wazee. Ila hadithi ya sahaba Jabir katika Sahihi Muslim tunaijua: Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi lisipakwe chokaa, lisikaliwe, wala lisijengewe. Haki ya maiti juu yetu ni kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa, na tulipolegea zaidi ni kwenye kuosha.

Basi tujifunze. Mwanamume huoshwa na wanaume, mwanamke na wanawake, na mume na mke wanaruhusiwa kuoshana. Maiti isitiriwe kitovu hadi magoti muda wote. Muosha huuzungushia mkono wake wa kushoto kitambaa, huinua mgongo kidogo, hupapasa tumbo taratibu, husafisha, kisha hutupa kitambaa kile na kuchukua kingine. Wasiojua hukandamiza tumbo kwa nguvu, na uchafu ukaendelea kutoka hata sanda ikiwa imeshavaliwa. Kisha maiti hutawadhishwa. Sahaba wa kike Ummu Atiyya alipoosha binti wa Mtume aliambiwa aanze na upande wa kulia na viungo vya udhu, aoshe kwa witiri, yaani hesabu isiyogawanyika kwa mbili, mara 3 au 5 au zaidi, kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho atie kafuri. Majani ya mkunazi hupondwa na kuvurugwa ndani ya maji mpaka yatoe povu. Maji hayo lazima yafuatiwe na maji matupu, kwani hayo matupu ndiyo yanayohesabika. Nywele za mwanamke husukwa mikia mitatu. Mwisho maiti ikaushwe vizuri. Ikiachwa na maji, sanda hulowa na kuganda mwilini.

Sasa wewe kijana unaogopa nini? Mikono iliyokulisha, leo unawaachia wageni waishike? Nani atamsitiri mama kuliko binti yake? Muosha huona mengi, kovu, kidonda, haja iliyomtoka, na ameamrishwa kuyafunika. Imepokewa kwamba anayeosha maiti akasitiri aliyoyaona, Mwenyezi Mungu humsamehe mara 40. Unampa jirani thawabu hiyo, halafu unachangisha fedha za marumaru ya kaburi! Nenda kwa waosha wa msikiti wenu, uombe uwamwagie maji tu kwanza. Hakuna aliyezaliwa anajua. Na akina mama, msiwafukuze mabinti mlangoni kwa kuwaambia bado wadogo.

Sanda ni vitambaa 3 vyeupe kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke: shuka, kanzu, mtandio na vya kufunika viwili. Vya kufunika viupite mwili kichwani na miguuni, vipate kufungwa. Mafundo hufunguliwa kaburini, na hapo wengi husahau.

Kaburi letu huelekea mashariki na magharibi, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa pwani hii: kichwa mashariki, maiti ikilala ubavu wa kulia kuelekea kibla. Udongo mgumu huchimbwa mwanandani ubavuni, upande wa kibla. Kwenye mchanga usijaribu, utawaporomokea. Chimba mfereji katikati, uufunike kwa viunza, yaani mbao za kaburi, nyufa uzizibe kwa majani au mkeka kabla ya kufukia. Tuta linatosha likiwa shibiri moja.

Na alama? Alipozikwa sahaba Uthman bin Madh'un, Mtume alimwagiza mtu alete jiwe, likamshinda kulibeba. Mtume akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba mwenyewe, akaliweka kichwani pa kaburi, ili alijue kaburi la ndugu yake na awazike karibu naye watu wa nyumbani kwake watakaokufa.